Upande Ilikotoka Radi

Jumamosi, 3 Agosti

Mke wangu amekufa. Radi imempiga kijitoni leo mchana.

Naandika kwa sababu nimekatazwa kulia. Mama mkwe kanishika taya, kaniambia aliyepigwa na radi haliliwi. Ukimlilia ni kama unaiambia Mbingu imekosea. Yeye mwenyewe hajatoa chozi. Na ni binti yake, wa pekee.

Nimeishia darasa la nne. Mwandiko wangu mbaya. Basi.

Yuko palepale kwenye majani, kafunikwa shuka. Haruhusiwi kuguswa mpaka mzee Shobdoi, mganga, ashuke kutoka milimani. Nilikwenda nikasimama mbali. Kiatu kimoja kimemtoka. Nilitaka kumvisha. Wakanirudisha.

Jina lake siandiki. Likitajwa atageuka nyuma, na safari yake ni ya kwenda juu.

Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya kilima, wanakata nyasi za ng'ombe za kipupwe. Nyumbani tulibaki watatu — yeye, mimi, na Jargalma, mtoto wetu. Kumi na miwili ametimiza juzi tu.

Watu wanauliza alifuata nini majini na ngurumo zile. Mama mkwe anajibu kabla sijafungua mdomo: alikwenda kuteka maji. Ndoo wameiona.

Ndoo ipo kweli. Shati ndilo halipo. Maji yamelichukua.


Jumapili, 4 Agosti

Leo sikukuu ya watu wa reli. Muziki unasikika kutoka stesheni mpaka hapa. Ningekuwa kule. Ningeitwa mbele nipewe mkono na wakubwa.

Shati lilikuwa la hiyo shughuli. Jeupe, la maana ninalo hilo moja. Mwezi uliopita walikuja kutupiga picha gengi letu, nikalivaa, halafu nikabeba taruma la reli begani nalo — nionekane nina nguvu. Dawa ile nyeusi wanayopaka mataruma ikaingia begani. Akalifua kwenye beseni mara nyingi. Doa likapungua, harufu ikabaki.

Jana nikamwambia alipeleke kwenye maji yanayokwenda. Akasema huu mwezi wa ngurumo. Hakuna mtu hapa asiyejua. Miezi ya ngurumo nguo haioshwi kwenye maji yanayokwenda, Mbingu haitaki. Unateka, unaoshea mbali. Mtoto mdogo anajua. Mimi nikamwambia, unataka nisimame mbele za watu nikinuka kama taruma?

Akachukua sabuni.

Mzee Shobdoi amefika asubuhi kwa pikipiki yake, ile yenye kigari pembeni. Kazunguka pale alipolala. Kanusa hewa. Halafu kaniita. Watu wote wakasogea.

Akasema, “Baba Jargalma, wewe ndiye uliyekuwepo. Ilitoka upande gani?”

Hilo swali kila mtu hapa anajua uzito wake. Magharibi, upande wa ziwa, wanakaa wakuu weupe wa Mbingu, hamsini na tano. Wakimpiga mtu wamemchagua. Anapandishwa kichanjani msituni kama mganga, anaimbiwa. Mashariki, upande wa daraja, wako weusi, arobaini na wanne. Hao wakipiga wanaadhibu. Mtu wao anafukiwa palepale alipoangukia, panazungushiwa uzio, hata ng'ombe hapitishwi. Na nyumba yake watu wanaikwepa.

Mama mkwe alikuwa ameshika ncha za kitambaa chake kwa mikono miwili. Ananitazama mdomo.

Nikasema magharibi.

Sikuona. Nililipa dirisha mgongo. Nilikuwa kwenye kioo najaribu tai. Shati liko kijitoni, mimi nimefunga tai juu ya fulana, nageuka huku, nageuka kule. Mwanga ukajaa kwenye kioo. Nikamwona mtu mweupe mle ndani, mdomo wazi. Kumbe mimi.

Nilipotamka tu, watu wakapiga kelele za furaha. Kelele za furaha! Mama mkwe kanishika mikono yote miwili, kaibusu. Hajawahi. Miaka yote ananiita yule wa reli.

Nilikuwa bado na harufu ya sabuni ya kunyolea.


Jumatatu, 5 Agosti

Tumempandisha.

Kichanja tumekijenga kwenye misonobari, nguzo nne, juu kuliko mtu akiinua mkono. Mbao nimepasua mimi. Badlui — tunafanya naye kazi gengi moja, tumekua pamoja — alitaka kuninyang'anya shoka. Kasema mume anakaa. Nikamwambia nikikaa nitalia. Akaniachia.

Wamemvika hariri ya buluu. Kiatu wamemvisha. Wanawake wameimba. Mzee Shobdoi kamwaga maziwa kuelekea ziwani kwa kijiko cha mbao chenye mashimo tisa, cha kumwagia Mbingu, kawataja wakuu weupe mmoja mmoja, kapokea mgeni wao kwa niaba yao. Kila akitaja mmoja nasubiri anigeukie. Hakunigeukia.

Jargalma alisimama kando yangu. Tangu juzi hasemi na mimi zaidi ya ndiyo na hapana.

Kwenye karamu wamenikalisha kaskazini, pale pa heshima, mbele ya kichwa cha kondoo. Mimi! Wazee wa miaka themanini wamekaa chini yangu. Nikakata kipande cha shavu, nikatupia moto sehemu yake, nyingine nikaiweka mdomoni. Nikaitema kwenye mkono wa koti.

Nyapara wetu Kuzmich akaja, Mrusi, na saa ya ukutani. Ndiyo zawadi yangu ya sikukuu. Akakaa, akanywa pombe ya maziwa, akakunja uso, akanywa tena. Akasema ana huzuni. Halafu akasema lile wingu alilitazama tangu mwanzo akiwa stesheni, lilitokea upande wa daraja kama treni ya mizigo.

Watu wakaacha kutafuna.

Mama mkwe akacheka. Akasema huyu akiwa amelewa hata stesheni yake hajui iko upande gani. Watu wote wakacheka, Kuzmich naye. Akamimina nyingine. Akasema sawa mama, leo siyo siku ya kubishana na wewe.

Nikacheka na mimi. Ndilo linaloniuma kuliko yote leo. Nilicheka.

Kuzmich kaniambia nipumzike mpaka Jumatano ya wiki ijayo.


Alhamisi, 8 Agosti

Sikujua neno langu lile lina mkia.

Mzee Shobdoi karudi. Tumempa chai. Kainywa yote, kageuza kikombe, ndipo akasema. Mwenye kuchukuliwa na weupe anaacha mzizi wa uganga kwenye damu yake. Mzizi haukai bure. Ni wa Jargalma. Itabidi aende akaishi kwake huko juu, amfundishe, mpaka awe mtu mzima na ngoma yake mwenyewe. Asipokwenda ataumwa. Atakuja kumchukua Jumatano.

Nikamuuliza shule je. Akasema shule ipo hata huko, akitaka.

Huko hakuna shule. Kuna mbuzi na upepo.

Nikasema tungoje kwanza, mtoto amefiwa juzi. Hakukasirika. Akaniangalia kwa upole, akasema, “Siyo mimi niliyesema magharibi. Wewe ndiye uliyeona.”

Mama mkwe kanyooka kama msichana. Anasema ukoo wao haujapata mtu wa Mbingu tangu babu yake, yule aliyefungwa wakati ule serikali ilipokamata waganga. Ameshatoa hariri sandukuni, anamshonea Jargalma joho.

Nikamtazama mtoto. Anamenya viazi. Maganda membamba, kama ya mama yake.


Ijumaa, 9 Agosti

Ngurumo tena leo.

Niliingia kwenye shimo la viazi chini ya sakafu, nikajifunikia mlango.

Juu nikasikia nyayo za Jargalma. Alichukua maziwa, akatoka uani kumwagia Mbingu, kama mama yake alivyokuwa akifanya kila ikinguruma. Nilimsikia sauti anasema maneno yake. Hakutetemeka.

Mimi niko na viazi.

Nilipotoka alikuwa ameshaingia, nywele zinachuruzika. Akaniambia nina udongo kichwani. Akanipangusa.


Jumapili, 11 Agosti

Badlui kaleta shati.

Kalikuta chini ya daraja la reli, limenasa kwenye gogo, alikwenda kutega samaki. Kalijua kwa kiraka cha kiwiko. Mke wangu alikiweka kwa uzi mwekundu, hakuwa na mweupe siku ile. Gengi zima walinitania, wakaniita Mkiwiko.

Jeupe kabisa. Nimelinusa. Hakuna harufu hata kidogo. Lina harufu ya maji.

Akaniuliza shati lilifuata nini mtoni. Nikasema upepo uliling'oa kwenye kamba.

“Upepo,” kasema.

“Ndiyo.”

Akaangalia kamba yetu ya nguo. Iko nyuma ya nyumba, kijito kiko mbele. Akavuta sigara yake mpaka ikaisha. Akasema yeye hajui kitu, na kwao wameokota samaki tu leo. Akaondoka. Hakunipa mkono.

Nimelificha chini ya godoro, upande wa mke wangu.


Jumatatu, 12 Agosti

Leo nilisema naenda. Nilivaa buti. Naenda kwa mzee Shobdoi, namwambia sikuona, namwambia shati, namwambia yote, mtoto abaki.

Jargalma alikuwa mlangoni anapepeta unga. Akauliza naenda wapi. Nikasema kazini. Akasema kazini ni Alhamisi.

Halafu akasema bila kunitazama. Kwamba ile sabuni yeye ndiye aliyempa mama. Kwamba alinisikia nilivyomwambia mama. Kwamba siku ile alichungulia chumbani aje kuniambia wingu ni baya, nimwite mama arudi, akanikuta kwenye kioo na tai. Akaona haya kuniita. Akatoka.

Aliona haya yeye!

Nikamuuliza basi uliona ilitoka upande gani. Akasema hapana, alifumba macho.

Nikakaa kwenye kizingiti. Kizingiti hakikaliwi, nilikaa. Nikamwambia nakwenda kusema, wewe huendi popote. Akaacha kupepeta.

“Baba, ukisema watamshusha mama.”

Nikashika kamba za buti.

“Watamfukia pale kijitoni na uzio. Bibi hatatoka nje tena. Mimi nitakwenda tu kwa mzee. Siyo mbali sana.”

Nikapiga ukuta. Nikamwambia yeye mtoto, haya siyo mambo yake. Akasema sawa. Akasema tena, kwani wewe unajua kwamba siyo magharibi? Hujui. Labda ni magharibi.

Ananitobolea tundu nipite. Mtoto wa miaka kumi na miwili ananitafutia tundu.

Nikavua buti.

Nikamshukuru moyoni. Hilo nalo naliandika. Nilimshukuru.


Jumanne, 13 Agosti

Mama mkwe kamaliza joho. Kamvisha, kamgeuza, kamvua, kapunguza mikono, kamvisha. Jargalma kavumilia. Bibi yake kamwambia mama yako anakuona kutoka juu, simama vizuri. Akasimama vizuri.

Nilikwenda msituni. Huruhusiwi kukaribia, nikasimama kwenye njia. Ncha ya hariri inapepea juu ya mbao. Anga safi, hakuna hata wingu. Buluu tupu, inanitazama. Sikuinua uso. Tangu siku ile natembea kama nimedondosha kitu chini.

Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia tu shati limetakata.


Jumatano, 14 Agosti

Mzee Shobdoi alikuja chai ya asubuhi haijaiva. Kijiji kizima uani kwetu. Kuzmich hayupo, afadhali. Badlui yupo, nyuma kabisa, kofia mkononi.

Jargalma katoka na joho. Limempwaya. Kafurushi kake kadogo — vitabu viwili vya shule kaviweka chini kabisa, nimeona. Kamwagia moto wa jikoni siagi, kamkumbatia bibi. Mimi kanishika mkono wa koti, kaachia. Kaingia kwenye kigari cha pikipiki, kakaa, kashika ukingo.

Kumbe kuna jambo limebaki. Msafiri wa Mbingu baba yake ndiye anayemmwagia maziwa, kuelekea upande ule ule Mbingu ilikomchukulia mama. Sikuambiwa mapema. Mama mkwe kanipa bakuli na kijiko cha mashimo tisa. Kile cha mke wangu. Ukingo umelika pale kidole chake kilipokuwa kinakaa.

Mtu unaweza kumdanganya. Mzee Shobdoi nilimdanganya, wakuu weupe aliwaambia yeye, siyo mimi. Lakini maziwa ni yangu mimi na Mbingu yenyewe, hakuna wa katikati.

Nikageukia ziwani. Nikainua kijiko. Mkono ukakwama. Siyo maneno tu, ulikwama. Nikasikia watu wanangoja.

Nikamwaga magharibi. Halafu nikageuka, nikamwaga kaskazini. Nikamwaga mashariki, upande wa daraja. Mama mkwe kaguna kidogo. Nikamwaga kusini. Bakuli likaisha.

Mzee Shobdoi akazima pikipiki.

“Mbona pande zote?”

Nikasema, “Sikuona.”

Ng'ombe wa jirani kalia, watu wakageuka kumtazama, afadhali wapate pa kutazama. Mzee akaniuliza nilikuwa wapi basi. Nikasema ndani. Nafanya nini ndani. Nikasema hakuna.

Hapo ndipo ingetoka. Tai, kioo, shati. Ilifika mpaka kwenye meno. Nikamwona mama mkwe, kashika ncha za kitambaa vilevile kama siku ile, ananitazama mdomo. Nikaufunga.

Mzee akachomoa ufunguo wa pikipiki. Halafu akamwambia Jargalma ashuke. Kwa sasa. Atarudi Jumamosi na waganga wenzake wa milimani, wataiuliza Mbingu wenyewe, kwa kuchinja kondoo na kusoma mifupa yake, bila mimi. Nikamuuliza na mke wangu? Aliyeko kule juu? Akasema na yeye itajulikana Jumamosi.

Jargalma hakutaka kushuka. Ikabidi bibi yake amshike kwapa. Alipopita karibu yangu kasema polepole, “Nilikuwa nimeshakaa, baba.”

Watu wameondoka bila kuaga. Badlui kabaki kidogo, akaninyooshea mkono. Nikaushika. Sijui kwa lipi.

Sasa ni jioni, jua halijazama. Wako upande ule wa jiko, bibi na mjukuu, wamenipa mgongo. Joho liko kwenye msumari. Saa ya Kuzmich inagonga, hakuna anayeiangalia.

Jargalma kainuka sasa hivi. Kaenda kwenye kitanda changu, kapenyeza mkono chini ya godoro upande wa mama yake, katoa shati. Alijua tangu lini? Kalikung'uta. Kalining'iniza kwenye msumari wa mlangoni, waziwazi, kiraka kimetazama ndani.

Mama mkwe kalitazama. Kakaribia, kashika kiwiko, kapitisha kidole kwenye ule uzi mwekundu. Uzi ulitoka kwenye sanduku lake. Kageuza kola, kanusa.

Kaniuliza hili lilikuwa wapi.

Jargalma ananitazama. Na bibi ananitazama. Naendelea kuandika ili nisiinue kichwa.

Kesho narudi kazini.